Kwa nini spektromita za tungamo hutafuta sumaku kali zaidi

Chukua molekuli mbili za mafuta ghafi, zote zikiwa na tungamo linalokaribia daltoni 500 (daltoni moja ni karibu tungamo la atomi ya hidrojeni). Zinafanana kwa kila kitu isipokuwa sehemu moja: penye atomi tatu za kaboni katika molekuli ya kwanza, ya pili ina atomi moja ya salfa na nne za hidrojeni. Kaboni tatu zina daltoni 36.0000. Salfa na hidrojeni nne zina daltoni 36.0034. Spektromita ya tungamo, yaani mashine inayopima tungamo la molekuli, isipoiona tofauti hiyo ya milidaltoni 3.4 itachora kilele kimoja mahali pa viwili, na anayekisoma atasema hakuna salfa ilhali salfa imo. Ukiingiza kaboni-13, aina nzito ya kaboni, mambo yanabana zaidi: kaboni nne za kawaida, dhidi ya kaboni-13 moja, salfa moja na hidrojeni tatu, hutofautiana kwa milidaltoni 1.1 tu. Hilo ni tungamo la elektroni mbili.

Uwezo wa kutenganisha hupatikana kwa kugawa tungamo kwa upana wa kilele kwenye nusu ya kimo chake. Kwa jozi ya kwanza, 500 gawanya kwa 0.0034 ni kama 147,000. Kwa jozi ya pili ni kama 455,000. Hivyo ni viwango vya chini kabisa. Vilele viwili visivyolingana kimo huhitaji zaidi. Ni kwa kazi ya namna hii mfumo wa FT-ICR, spektromita inayopima tungamo kwa mzunguko wa ioni ndani ya sumaku, uliobuniwa mwaka 1974 na Melvin Comisarow na Alan Marshall katika Chuo Kikuu cha British Columbia, bado unastahili gharama ya sumaku yake.

Ioni inavyozunguka

Ioni, yaani atomi au molekuli yenye chaji ya umeme, inayokatiza uga wa sumaku husukumwa kuelekea upande mmoja wa mwendo wake, na kwa kuwa msukumo huo haukomi, inaishia kuzunguka. Yenye kasi kubwa huchora duara kubwa, yenye kasi ndogo huchora duara dogo, lakini zote humaliza mzunguko kwa muda uleule iwapo zina uwiano mmoja wa tungamo kwa chaji (m/z). Usahihi wa mfumo huu umesimama juu ya jambo hilo. Katika spektromita nyingi za aina nyingine, ioni mbili za aina moja zilizoanza na nishati tofauti kidogo hutanua kilele. Hapa tofauti ya nishati haibadilishi masafa ya mzunguko (idadi ya mizunguko kwa sekunde), na masafa ndiyo kipimo cha kifizikia tunachoweza kukipima kwa usahihi mkubwa kuliko karibu vyote.

Hesabu yake ni fupi:

masafa (kilohezi) = 15,356 × uga (tesla) ÷ (m/z)

Tesla ni kipimo cha ukali wa uga wa sumaku. Ioni ya m/z 1000 katika sumaku ya tesla 7 huzunguka mara 107,500 kwa sekunde. Katika tesla 21, mara 322,500.

Ioni huingizwa katika mtego uliowekwa katikati ya sumaku, kwa kawaida silinda ya metali isiyo ya kisumaku iliyokatwa vipande virefu. Uga wa sumaku huzizuia zisitoke kuelekea kuta za pembeni, na volti ndogo, mara nyingi volti moja au pungufu, huwekwa kwenye ncha mbili ili zisitoroke kufuata mhimili. Zikiwa zimetulia, duara la kila ioni ni dogo mno: kwa m/z 500 katika tesla 7, kwenye joto la chumba, nusu-kipenyo hakifiki hata milimita 0.1, na kila ioni iko mahali pake bila kupatana na nyingine. Ishara haipo. Kwa hiyo mabamba mawili yanayotazamana hupewa volti za masafa yanayobadilika haraka kutoka mwanzo hadi mwisho wa eneo linalotakiwa. Kila kundi la ioni hunyanyuliwa pale masafa hayo yanapolingana na ya kwake, na ioni zake huanza kuzunguka pamoja kwenye duara kubwa. Zikipita karibu na mabamba mengine mawili, huvuta elektroni za metali huku na kule, na mkondo huo hafifu ndio unaokuzwa na kurekodiwa. Ioni hazigongi kitu. Zinaweza kusikilizwa kwa sekunde nyingi. Rekodi hiyo, yenye masafa yote yakiwa yamechanganyika, hupitishwa kwenye badiliko la Fourier, hesabu inayotenganisha masafa hayo, na kuwa spektra, yaani mchoro wa vilele.

Faida ya kwanza: muda

Masafa mawili yaliyokaribiana hutenganishwa kwa kusikiliza muda wa kutosha. Rudi kwenye jozi ya milidaltoni 3.4. Katika tesla 7, ioni za m/z 500 huzunguka mara 215,000 kwa sekunde, na tofauti ya masafa kati ya hizo mbili ni hezi 1.46 tu. Inachukua sekunde 0.68 moja ipate kuipita nyingine kwa mzunguko mmoja mzima. Katika tesla 21 tofauti hiyo ni hezi 4.4, na muda ni sekunde 0.23.

Kanuni inayotumika kazini ni kwamba uwezo wa kutenganisha unakaribia masafa mara muda wa kurekodi, gawanya kwa mbili. Ili kufikia 147,000, tesla 7 inahitaji takriban sekunde 1.4, tesla 21 inahitaji kama sekunde 0.46. Kwa jozi ngumu ya milidaltoni 1.1 ni sekunde 4.2 dhidi ya 1.4.

Anayepima sampuli iliyowekwa moja kwa moja kwenye mashine anaweza kusubiri sekunde nne, mara mia, akajumlisha rekodi. Mwenye kuunganisha spektromita na kromatografia ya kimiminika, ambayo hutenganisha vijenzi vya sampuli kwa kuvipitisha kwenye safu (bomba lililojazwa), hana anasa hiyo. Kijenzi kimoja kikitoka kwenye safu kwa sekunde 15, rekodi za sekunde nne zinampa vipimo vitatu tu, na hajabakiwa na nafasi ya kuvunja ioni ili kujua muundo wake. Kwangu hii ndiyo hoja yenye uzito zaidi ya kutaka sumaku kali kwa kazi za protini: si kwamba tesla 7 haiwezi kutenganisha, bali haiwahi.

Faida zinazokua kwa mraba

Uwezo wa kutenganisha na kasi hupanda sambamba na uga: uga mara tatu, faida mara tatu. Lakini yapo mambo yanayopanda kwa mraba, yaani mara tisa, na haya hueleweka vibaya. Chanzo chake ni kwamba ndani ya mtego uga wa sumaku hauko peke yake. Unashindana na uga wa umeme: ule wa volti za mtego, na ule wa ioni zenyewe zinazosukumana.

Uga wa umeme wa mtego unasukuma ioni kwenda nje, kinyume na sumaku inayozivuta ndani. Matokeo yake ni mawili. Masafa ya mzunguko hupungua kidogo, na ioni hupata mwendo wa pili wa polepole wa kutangatanga kuzunguka mhimili, wenye masafa ya makumi ya hezi au pungufu. Kupungua kwa masafa ya mzunguko ni sawa na masafa ya huo mwendo wa pili. Tuseme ni hezi 20 kwa tesla 7: kwa m/z 1000 hilo ni kosa la sehemu karibu 190 kwa milioni, ambalo lazima lisahihishwe kwa ukadirishaji, yaani kuilinganisha mashine na ioni za tungamo linalojulikana. Ukipandisha uga mara tatu, mwendo wa kutangatanga hupungua mara tatu huku masafa ya mzunguko yakipanda mara tatu. Kosa, likilinganishwa na masafa, limeshuka mara tisa. Hesabu hiyohiyo inahusu msukumano wa chaji za ioni zenyewe. Ndiyo maana idadi ya ioni zinazoweza kuwekwa mtegoni bila kuharibu kipimo hupanda kwa mraba wa uga, na pamoja nayo uwezo wa kuona kijenzi adimu kando ya kilicho kingi.

Nishati nayo hupanda kwa mraba. Ioni ya m/z 500 ikizunguka kwenye duara la nusu-kipenyo cha sentimita moja ina elektroni-volti kama 470 katika tesla 7, na kama 4,250 katika tesla 21. Kundi la ioni linalokwenda kwa kasi hiyo haliparaganywi kirahisi na migongano michache au na msukumano wa majirani.

Kuna ugonjwa mmoja ambao uga mkali huutuliza: vilele kugandana. Makundi mawili yenye masafa yaliyokaribiana sana, kila moja likiwa na ioni nyingi, hushikana kwa nguvu za umeme na kuzunguka kama kundi moja. Spektra inaonyesha kilele kimoja kizuri, chembamba, kilicho mahali pasipo sahihi. Kurefusha rekodi hakusaidii, kwa sababu makundi hayo kweli yanazunguka pamoja. Dawa ni kupunguza ioni, au kuongeza uga. Ukishuku hali hiyo, punguza muda wa kukusanya ioni kwa nusu, kisha kwa nusu tena. Kilele kikigawanyika, jibu umelipata.

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuitumia faida ile ile mara mbili. Maabara inapata sumaku kali zaidi, inapandisha idadi ya ioni mara tisa ili kuona vijenzi adimu, kisha inashangaa usahihi wa tungamo haukuboreka. Nafasi iliyoongezeka imejazwa yote kwa ioni. Haikubaki ya kupunguza kosa.

Ambayo sumaku haiponyi

Hewa iliyobaki mtegoni. Ili ishara idumu sekunde kadhaa, shinikizo linatakiwa kuwa karibu na milibaa 10⁻¹⁰ au chini yake. Protini kubwa zina eneo kubwa la kugongwa na huumia kwanza. Ombwe likiwa baya, sumaku ya tesla 21 itakupa ishara inayokufa mapema.

Umbo la uga wa umeme wa mtego nalo ni tatizo lake. Kama volti za ncha hazijengi uga wenye umbo la parabola, ioni za kundi moja zilizo sehemu tofauti za mtego huzunguka kwa masafa yanayoachana kidogo, na kundi linarefuka mpaka linakuwa pete. Pete kamili haitoi ishara yoyote. Mwaka 2011 Ivan Boldin na Eugene Nikolaev walieleza mtego ambao vipande vyake vimekatwa kwa mikunjo, kiasi kwamba ioni ikikamilisha mzunguko, wastani wa uga iliopitia unakuwa wa parabola karibu kote mtegoni. Ishara zilirefuka kutoka sekunde hadi dakika bila kubadili sumaku.

Na kuna faida isiyogusa hata skrubu moja. Spektra ya kawaida huchorwa kwa ukubwa tu, na taarifa za awamu (mahali ioni zilipo kwenye mzunguko wao) hutupwa. Kwa kuwa kila masafa yalisisimuliwa kwa wakati wake, awamu hubadilika kwa kufuata mkunjo wa daraja la pili, na ukiusahihisha, upana wa kilele unaweza kupungua hadi karibu nusu. Kwa mashine ya tesla 7 hilo linakaribia kazi ya tesla 14 upande wa utenganishaji, ingawa faida za mraba hazimo. Yeyote anayefikiria kubadili sumaku aanze hapa.

Pia, uwezo wa kutenganisha wa FT-ICR hushuka kadiri m/z inavyopanda: m/z mara mbili, uwezo nusu. Katika Orbitrap, spektromita inayotumia uga wa umeme bila sumaku kabisa, kushuka hufuata kipeuo cha pili tu cha m/z. Kwa ioni za m/z ya juu pengo kati ya mifumo hii miwili hupungua, na uga mkali ndio unaolisukuma mbali eneo hilo.

Gharama za kiufundi ndani ya uga mkali

Ioni hutengenezwa nje ya sumaku na lazima ziingie ndani. Zikikaribia eneo ambalo uga unaongezeka kwa ghafla, zile zilizo nje kidogo ya mhimili hubadilishiwa mwendo: kasi ya kwenda mbele inageuka kuwa ya kuzunguka, na nyingine hurudishwa zilikotoka. Uga ukiwa mkali, ukuta huu huwa mkali pia. Ndiyo sababu njia yote ya kuingilia huwekewa fito nne, sita au nane zenye volti za masafa ya redio zinazozibana ioni kwenye mhimili, na bomba lote hulinganishwa na mhimili wa sumaku kwa uangalifu mkubwa. Ioni nyepesi hufika kabla ya nzito. Lango la mtego likifungwa mapema unapoteza nzito, likichelewa, nyepesi zimeshagonga mwisho na kurudi. Spektra iliyoinama upande mmoja mara nyingi ni suala la muda wa lango, si la sampuli.

Pampu za turbo, zinazoondoa hewa, haziwezi kukaa karibu. Rota ya metali inayozunguka ndani ya uga hupata mikondo ya umeme ndani yake, inapata joto na inaweza kuharibika, kwa hiyo pampu husogezwa mbali na kuunganishwa kwa mabomba mapana. Vipimo vya ombwe vinavyotumia elektroni hudanganya, maana uga hupindisha njia za elektroni hizo. Vifaa vya ndani hujengwa kwa titani, alumini, shaba au chuma cha pua kisichovutwa na sumaku.

Kusisimua ioni kunahitaji nguvu zaidi. Nusu-kipenyo cha duara hakitegemei tungamo, ila hupungua uga unapoongezeka. Kwa m/z 150 hadi 2000, masafa katika tesla 7 ni kilohezi 54 hadi 717. Katika tesla 21 ni 161 hadi 2,150. Ukiacha muda wa kusisimua uleule, eneo la masafa limekuwa pana mara tatu, kwa hiyo kila masafa hupata nguvu pungufu kwa kipeuo cha pili cha tatu. Jumlisha na uga wenyewe, na volti zinazohitajika ni kama mara 5.2. Anayehamisha mipangilio kutoka sumaku ndogo bila kugusa volti hupata ishara dhaifu na ioni zilizosongamana katikati. Lengo la kawaida ni duara linalofika kati ya asilimia 40 na 50 ya nusu-kipenyo cha mtego; ukizidi hapo, mawimbi ya ziada huongezeka na ishara hufa haraka.

Kadhalika urekodi: vipimo kwa sekunde lazima vizidi mara mbili ya masafa ya juu kabisa. Kilohezi 2,150 zinataka vipimo zaidi ya milioni 4.3 kwa sekunde. Ukipunguza ili kuokoa nafasi ya diski, ioni nyepesi hujitokeza kwa sura ya uongo kwenye masafa ya chini.

Sumaku yenyewe

Hadi tesla 9 au 10 koili hutengenezwa kwa aloi ya niobi na titani iliyozamishwa kwenye heliamu ya kimiminika, kelvini 4.2, ambapo ukinzani wake wa umeme hutoweka. Juu ya hapo huongezwa koili za ndani za niobi na bati, zinazostahimili uga mkali zaidi lakini ni tete kama kauri. Mkondo ukishaingizwa, ncha za koili huunganishwa na umeme huendelea kuzunguka wenyewe miaka na miaka. Sumaku mbili za tesla 21 kwa kazi hii zimewekwa Marekani, moja katika maabara ya taifa ya nyuga kali za sumaku huko Tallahassee, nyingine Richland, jimbo la Washington.

Sehemu ya koili ikipata joto kuzidi kikomo chake, ukinzani hurudi ghafla, nishati yote hugeuka joto, na heliamu huchemka. Lita moja ya kimiminika huwa zaidi ya lita 700 za gesi, ambayo hufukuza oksijeni chumbani bila harufu wala rangi. Bomba la kutolea gesi nje, vipima oksijeni na mlango unaofunguka kwa nje ni vya lazima. Mstari wa militesla 0.5 huchorwa sakafuni, na mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo hauvuki. Mtungi wa gesi wa chuma hauletwi karibu kamwe.

Kugeuza masafa kuwa tungamo

Ukadirishaji hutumia vipengele viwili: m/z = A/f + C/f². Cha kwanza hubeba uga wa sumaku, cha pili uga wa umeme. Kwa kuwa cha pili hutegemea idadi ya ioni, ukadirishaji uliofanywa na ioni laki moja haufai kwa sampuli yenye milioni. Weka idadi ileile, au tumia vilele vinavyojulikana ndani ya spektra ileile. Katika mafuta na katika mata ogania ya maji, mfululizo wa molekuli zinazoachana kwa CH₂ hufaa sana. Na tungamo la elektroni lisisahaulike: ioni chanya imepungukiwa na daltoni 0.00055, ambayo kwa m/z 500 ni sehemu 1.1 kwa milioni, kubwa kuliko kosa lote la mashine iliyotunzwa vizuri.

Kabla ya kukipa kilele fomula ya kemikali, hakikisha ni ioni kweli. Redio na vifaa vya umeme huacha vilele vyembamba mno visivyo na jozi ya kaboni-13. Badilisha volti za mtego kwa sehemu ndogo: masafa ya ioni yatasogea, ya kelele yatabaki palepale. Kilele kilicho kwenye nusu au theluthi kamili ya m/z ya kilele kikubwa ni wimbi lake la pili au la tatu, na hupungua haraka ukishusha volti za kusisimua. Ishara ikifa mapema, kata idadi ya ioni kwa nusu: ikirefuka, tatizo ni msongamano, isipobadilika, angalia ombwe kwanza, halafu volti za mtego.